Kombe la Msasi

Nguruwe akishajeruhiwa hukimbia, na akikosa njia hugeuka. Wasasi wa kusini mwa Unguja wanaoingia maweni na mbwa na mikuki, wakilinda mihogo yao, wanalijua hilo. Hata hivyo hutokea mtu akarudi hana hata mkwaruzo, na bado si yule aliyeondoka asubuhi. Chakula hakipiti. Usiku anazindukana akipiga kelele. Watu wa nyumbani husema kashtuka, roho imemruka, na hakuna anayemcheka.

Kwanza ni kuoga. Kwa Washafii, walio wengi kisiwani, mate ya mbwa na damu ya nguruwe ni najisi nzito: panapopatwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni sharti la tohara, lakini mimi naona linampa msasi muhula. Anabaki uani anasugua vidole kwa udongo, anahesabu, pumzi zinamrudi kabla hajaingia ndani kwa wanawe.

Hofu isipotoka, huitwa maalim. Anachovya kalamu katika wino wa zafarani, anaandika aya juu ya sahani nyeupe ya kauri, mstari chini ya mstari, mpaka sahani inajaa. Maandishi yakikauka humiminiwa maji na marashi ya mawaridi. Herufi zinaachia taratibu, maji yanakuwa manjano. Hilo ndilo kombe. Mgonjwa anapiga bismillahi, anakunywa, ubani unafuka chetezoni.

Na wageni wanaingia. "Pole, mwanangu. Mola kakuhifadhi. Hebu, ilikuwaje?" Anasimulia kwa huyu, anasimulia kwa yule. Kwa wa kwanza kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi. Kufikia wa kumi ameshaanza kuonesha kwa mkono nguruwe alipotokea. Nadhani dawa kubwa ilikuwa hapo, katika lile swali lililorudiwa na kila aliyebisha hodi.

Zamani palikuwa na hofu nzito zaidi, ya chui. Waunguja wengi waliamini kuwa baadhi ya chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru. Basi aliyekutana na chui vichakani alirudi na swali jingine: chui yule wa nani? Kitisho cha porini kikawa kitisho cha jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni iliyowasaka wachawi na chui kwa pamoja. Chui wakazidi kupungua. Vizazi vya watoto wa mjini vimemjua chui kwa kumtazama akiwa amekaushwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja.

Mimi hunichoma zaidi habari ya wale walionyooshewa vidole kuwa wachawi. Msasi aliandikiwa kombe, akafukizwa, akapewa pole. Wao walishtuka vilevile, nao hawakuwa na mkuki. Kila nipitapo vijijini hutamani kubisha hodi kwenye nyumba zao, nikae barazani, niulize: ilikuwaje?