Taa ya Bei Nafuu kwa Kamera ya Chini ya Maji

Maji ya bahari hunyonya mwanga, na wekundu ndio hutoweka kwanza: katika kina cha mita 10 tumbawe jekundu huonekana la kijivu. Mtafiti anayechunguza kupauka kwa matumbawe, kama kule kulikoikumba pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998, hawezi kuiamini picha ya namna hiyo. Je, anunue taa ya bei kubwa? La hasha. Tochi moja ya wapiga mbizi, yenye mwanga mweupe uliotawanyika, yatosha kwa picha ya umbali usiofika mita 1. Isifungwe ubavuni mwa lenzi, maana chembechembe za majini zitamulikwa na kuijaza picha madoa meupe; ifungwe pembeni, kwenye mkono wa sentimita 30. Fedha zisibanwe katika mpira wa kuzuia maji: maji kidogo ya chumvi yakipenya, tochi huharibika.