Bundi Si Ndege wa Kufuga

Ndugu mkulima, huko vihambani Moshi watoto wakimkuta kinda wa bundi chini ya mringaringa, wengine humpiga mawe, eti ni mkosi. Wengine humleta nyumbani afugwe. Yote mawili ni hasara kwako.

Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Ukimlisha ugali au nyama tupu, mifupa yake hulegea. Tena akikulia kibandani hajui kuwinda. Ukimwachia, atakufa njaa. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali.

Basi, mrudishe mtini, wazazi wake watamlisha. Panya atakaowala usiku hawatafika kwenye ghala lako la mahindi.