Utunzi na Umiliki katika Muziki wa Mitambo: Mfano wa Daft Punk, 1993–2021

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi, swali la nani mtunzi wa wimbo limejadiliwa kwa muda mrefu. Wimbo unapopokewa kutoka kwa fanani mmoja hadi mwingine, huongezwa na kupunguzwa, na aghalabu jina la aliyeuanza hupotea. Swali hilohilo limezuka upya katika muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mitambo ya elektroni, ambamo sauti iliyorekodiwa na mtu mmoja huweza kukatwa na kutiwa katika wimbo wa mwingine bila mwenyewe kuwapo. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata kazi za Daft Punk, yaani Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, wanamuziki wawili wa Paris, Ufaransa. Inadaiwa hapa kwamba, ingawa wawili hao wanajulikana zaidi kwa kuficha sura zao, umuhimu wao wa kitaaluma umo katika namna walivyowataja, na mara nyingine kutowataja, watu ambao muziki wao ulitokana nao.

2.0 Chimbuko na Walimu

Bangalter na Homem-Christo walikutana shuleni Paris mwaka 1987. Mwaka 1992 waliunda bendi ya magitaa iliyoitwa Darlin', pamoja na Laurent Brancowitz. Mhakiki wa jarida la Uingereza, Melody Maker, aliukebehi muziki wao mwaka 1993, nao wakayageuza maneno ya kebehi hiyo kuwa jina lao jipya. Kitendo hicho kinafanana na mtani anayelipokea tusi na kulivaa kama sifa.

Muziki waliouingia baada ya hapo haukuwa wa Ufaransa kwa asili. Mtindo wa haus ulizuka Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980 miongoni mwa vijana weusi, na ule wa tekno ulizuka Detroit katika kipindi hichohicho. Wachezesha santuri kama Frankie Knuckles walichukua mabaki ya disko, mtindo uliokuwa umebezwa hadharani, wakayaunganisha na midundo ya mashine za ngoma. Itakumbukwa kwamba tarehe 12 Julai 1979 santuri za disko zililipuliwa mbele ya umati katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Kwa hiyo haus ilikuwa, tangu mwanzo, muziki wa kuhifadhi kilichokuwa kimetupwa.

Daft Punk walilijua deni hilo. Baada ya wimbo "Da Funk" kutolewa mwaka 1995 na kampuni ya Soma ya Glasgow, walitoa albamu yao ya kwanza, Homework, mwaka 1997, ambayo sehemu yake kubwa ilitengenezwa nyumbani. Ndani yake umo wimbo "Teachers", ambao maneno yake karibu yote ni orodha ya majina ya wanamuziki waliowafunza, wengi wao wa Chicago. Msomi wa Kiswahili hatashindwa kuona hapa jambo analolifahamu: mwanafunzi anayetaja silsila ya walimu wake kabla ya kuanza kusema la kwake. Wawili kati ya waliotajwa, Romanthony na Todd Edwards, walikuja kushiriki wenyewe katika albamu ya pili, Discovery, ya mwaka 2001. Sauti inayosikika katika "One More Time" ni ya Romanthony, ingawa imepitishwa katika mtambo hadi ikakaribia kuwa ya roboti.

3.0 Unyofoaji wa Sauti

Ili suala la umiliki lieleweke, ni lazima kwanza ufundi wenyewe uelezwe. Unyofoaji, kwa maana inayotumiwa hapa, ni kuchukua kipande kifupi cha rekodi ya zamani na kukirudiarudia mpaka kiwe msingi wa wimbo mpya. Mara nyingi mtengenezaji hukipitisha kipande hicho katika kichujio kinachozuia sauti za juu, wimbo ukasikika kana kwamba unatoka chumba cha pili. Kisha hukifungua kichujio polepole, na wachezaji wakahisi mlango unafunguliwa. Uhodari hauko katika kubuni lahani mpya peke yake. Uko pia katika sikio linalotambua kwamba sekunde chache zilizosahauliwa zinaweza kubeba wimbo mzima.

Wimbo "Harder, Better, Faster, Stronger" umejengwa juu ya kipande cha "Cola Bottle Baby" cha Edwin Birdsong, kilichotolewa mwaka 1979. Birdsong alitajwa kuwa mmoja wa watunzi. Mwaka 2007 Kanye West aliunyofoa wimbo huohuo wa Daft Punk katika "Stronger", na hivyo mnyororo ukaongezeka pete ya tatu. Huo ni mfano wa upokezi uliohifadhi majina.

Mfano wa "One More Time" ni tofauti. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times liliripoti habari za Eddie Johns, mwimbaji mzaliwa wa Liberia, ambaye wimbo wake wa mwaka 1979, "More Spell on You", ulinyofolewa katika wimbo huo mashuhuri. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, Daft Punk walikuwa wakilipa kampuni iliyomiliki rekodi, lakini malipo hayakumfikia mwimbaji, aliyekuwa akiishi Los Angeles katika dhiki kubwa. Hapana budi kutofautisha mambo mawili hapa. Kisheria, mwenye rekodi alilipwa. Kiutunzi, mtu ambaye sauti yake ilichezewa dunia nzima kwa miaka ishirini hakujulikana. Haki ya rekodi na haki ya fanani si kitu kimoja, na mfumo unaolinda ya kwanza pekee unaweza kuiacha ya pili ipotee bila mtu yeyote kuvunja mkataba.

4.0 Sura na Mamlaka

Tangu kipindi cha Discovery, Daft Punk walionekana hadharani wakiwa wamevaa kofia za kiroboti zilizofunika nyuso zao. Walisimulia kwa mzaha kwamba mtambo ulilipuka tarehe 9 Septemba 1999, na walipozinduka walikuwa maroboti. Kisa hicho ni ngano, lakini kazi yake ilikuwa dhahiri: iliwatenga watu na bidhaa, ili hadhira iujadili muziki na si maisha ya wanamuziki.

Hata hivyo, kujificha hakukuwa kujiondoa katika umiliki. Kanuni za SACEM, chama cha watunzi cha Ufaransa, zilimtaka mwanachama akabidhi haki zake zote, zikiwamo za matumizi ya kazi katika intaneti. Bangalter na Homem-Christo walitaka kuzisimamia baadhi ya haki hizo wenyewe, na wakafikisha malalamiko mbele ya Kamisheni ya Ulaya. Katika uamuzi wa mwaka 2002, Kamisheni iliona kuwa sharti hilo halikuwa la haki. Lakini kwa kuwa SACEM ilikubali kurekebisha kanuni zake, shauri lilifungwa. Waliojifunika nyuso ndio hao hao waliopigania kwa uwazi mamlaka ya mtunzi juu ya kazi yake. Linganisho na Johns haliepukiki: uwezo wa kudai haki haukugawanywa sawa.

5.0 Kurudi kwa Wapigaji

Albamu Random Access Memories ya mwaka 2013 ilibadili mbinu. Badala ya kunyofoa sauti za miaka ya 1970, wawili hao waliwaalika wapigaji wa zama hizo wenyewe studioni. Nile Rodgers alipiga gitaa katika "Get Lucky", Omar Hakim alipiga ngoma, na Giorgio Moroder alisimulia maisha yake kwa sauti yake katika wimbo uliobeba jina lake. Unyofoaji haukukoma kabisa, kwani wimbo wa mwisho, "Contact", una kipande kilichochukuliwa kwingine. Lakini uzito ulihamia kwa mtu aliye hai, anayetajwa na kulipwa.

Albamu hiyo ilipopewa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, Januari 2014, maroboti hayakusema neno. Aliyezungumza kwa niaba yao ni mtunzi mkongwe Paul Williams, mmoja wa washiriki. Ukimya wa kofia ulimpa mzee nafasi ya kusikika.

6.0 Hitimisho

Daft Punk walitangaza kuachana tarehe 22 Februari 2021. Tangu hapo Bangalter ameonekana bila kofia, na ametunga muziki wa okestra kwa ajili ya baleti Mythologies, iliyooneshwa Bordeaux mwaka 2022. Safari yao inaonesha hatua tatu: kutaja walimu, kutumia sauti za wengine, na kuwaita wenye sauti waje wenyewe. Hatua ya pili ndiyo iliyowaletea umaarufu mkubwa, na ndiyo iliyobeba hatari ya kumsahau fanani. Somo kwa watafiti wa nyimbo ni kwamba upokezi wenyewe si dhuluma; ndio uhai wa sanaa. Dhuluma huanza pale ambapo wimbo unaendelea kusafiri na jina la mwenyewe limebaki njiani.