Kuanza maisha Dubai: miezi mitatu ya kwanza ndiyo huamua mengi

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai kwa ndege ya moja kwa moja ni safari ya saa tano na kitu. Saa za huko ziko mbele kwa saa moja tu. Lakini wengi wanaohamia huko kikazi husema umbali wa kweli huanza kuonekana baada ya kutua, pale mtu anapogundua kwamba mambo aliyoyazoea nyumbani, kama kumwomba jirani msaada au kuelewana na bosi kwa mdomo, hayafanyi kazi.

Sababu ni moja. Katika Falme za Kiarabu, karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni. Mhindi, Mpakistani, Mfilipino, Mbangladeshi, Mmisri, Mganda, Mkenya, Mtanzania: kila mmoja amekuja na kazi yake na tarehe ya kumalizika kwa kibali chake. Mahali ambapo karibu kila mtu ni mgeni, karatasi ndiyo ndugu wa kwanza.

1. Karatasi kabla ya begi

Anayekwenda kufanya kazi anatakiwa kuingia kwa kibali cha kazi, si viza ya matembezi. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na mwajiri akigoma kulipa, mfanyakazi hana mkataba wa kuonyesha.

Kabla ya kusafiri asome barua ya ajira mstari kwa mstari, hasa sehemu ya mshahara. Mara nyingi mshahara hugawanywa: mshahara wa msingi, kisha posho ya nyumba na usafiri. Kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kwa miaka mitano ya kwanza ni siku 21 za mshahara huo kwa kila mwaka, na lazima mtu awe ametimiza mwaka mmoja kazini. Kwa hiyo watu wawili wanaopokea hela sawa kila mwezi wanaweza kuondoka na kiinua mgongo tofauti kabisa.

Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, na pia kumtoza gharama za kumwajiri. Muda wa majaribio hauruhusiwi kuzidi miezi sita. Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao ya mwaka 2022, nayo inawapa siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki na haki ya kukaa na vitambulisho vyao wenyewe. Dada wa kazi asiyejua hili anaweza kukaa mwaka mzima pasipoti yake ikiwa kabatini kwa bosi, akidhani ndivyo ilivyo.

2. Kitambulisho ndicho ufunguo

Baada ya kuingia kuna vipimo vya afya, vikiwemo vya Ukimwi na kifua kikuu, kisha alama za vidole. Hapo ndipo hutoka Emirates ID, kitambulisho cha mkazi. Akaunti ya benki, laini ya simu, mkataba wa nyumba, hospitali, vyote huanzia hapo.

Hili huchukua muda, na mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi au zaidi. Ndiyo maana mgeni anashauriwa kufika na akiba ya chakula na nauli ya mwezi mmoja au miwili, na kuwaambia watu wa nyumbani mapema wasitegemee kitu kwa wakati huo.

3. Kitanda kwanza, nyumba baadaye

Kodi ni kubwa, hivyo wengi huanza kwa kukodi kitanda tu ndani ya chumba cha watu kadhaa. Bei inavutia, lakini mtu aulize: kibali kipo? Wangapi wanalala humo? Mamlaka za Dubai husaka nyumba zilizojaza watu kupita kiasi na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila ruhusa. Wakikamatwa, mpangaji anaweza kujikuta nje usiku huohuo, na hela aliyotanguliza asiione tena.

4. Tabia za barabarani na kwenye simu

Kwenye metro ya Dubai, kula, kunywa au kutafuna bigijii ni faini ya dirham 100. Mwanaume akiingia behewa la wanawake na watoto, faini. Mtu wa tiketi ya kawaida akikaa behewa la daraja la juu, faini pia.

Simu nayo ina mipaka yake. Kumtukana mtu kwenye WhatsApp au kumpiga picha bila ridhaa yake kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Utani wa kijiweni ubaki kijiweni.

Tena simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimezuiwa huko. Ujumbe wa sauti unapita, lakini kupiga hakupiti. Mama aliyeko kijijini akikosa kupigiwa wiki nzima hudhani mwanawe amebadilika. Ni vizuri kumweleza kabla ya safari, na kupanga naye njia nyingine ya kuongea.

5. Lugha: Mswahili hafiki mikono mitupu

Kiarabu ndiyo lugha rasmi, Kiingereza ndicho cha kazini, na madukani Kihindi na Kiurdu vinasikika kila kona. Lakini msikilizaji makini hatapotea. Kwa Waarabu atasikia *kitab*, *safar*, *waqt*. Kwa Wahindi atasikia *dukan*, *chai*, *chapati*, *dhobi*. Maneno hayo anayo tangu utotoni. Salamu chache akizijenga juu yake, muuza duka atamtofautisha na mpita njia.

6. Asijifungie

Kukaa na Waswahili wenzake kunampa mtu ugali na stori za nyumbani, na hilo si dogo. Ila nafasi za kazi na taarifa za vyumba mara nyingi hutoka kwa Mfilipino wa zamu ya usiku au Mhindi wa idara ya pili. Anayekula na kundi lake tu huchelewa kusikia.

Mambo yakiharibika, kama mshahara kutolipwa au pasipoti kuzuiwa, malalamiko hupelekwa kwenye wizara inayoshughulikia kazi. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konseli Dubai. Namba za ofisi hizo ziandikwe pia kwenye karatasi, na picha ya mkataba na ya pasipoti abaki nayo mtu mmoja wa kuaminika nyumbani. Simu ikipotea au ikichukuliwa, angalau kuna mtu wa kuanzia.