Wembe wa Alfajiri

Daktari anayetaka kujua kama nywele za mwanamke zimezidi haanzi na damu wala picha. Anaanza na macho. Hukagua sehemu tisa za mwili, kuanzia juu ya mdomo na kidevuni hadi kifuani, tumboni, mapajani na mgongoni, na kila sehemu huipa alama kati ya 0 na 4. Kipimo hicho kilibuniwa London mwaka 1961 na madaktari wawili, Ferriman na Gallwey, kikaja kurekebishwa baadaye, na bado kinatumika duniani kote. Kina udhaifu mmoja ambao mwanamke yeyote mwenye ndevu, kuanzia Runyenjes kule Embu hadi Nkubu kule Meru, anaujua bila kuambiwa: hakiwezi kuhesabu kilichokwisha kunyolewa.

Na wanawake wetu hunyoa. Hunyoa alfajiri watoto wangali wamelala, kabla ya kujifunga kikapu cha majani chai kule Rukuriri au Kionyo, kabla ya kufungua kibanda Gakoromone, kabla ya kuingia darasani kufundisha watoto wa wenzao. Wapo walioolewa miaka mingi na mume hajui. Wembe hufichwa ndani ya sodo, au chini ya godoro, au kwenye mkoba pamoja na kioo kidogo na kibanio cha kung'olea nywele moja moja kwenye choo cha kazini. Hao ndio wanaofika kliniki wakilalamika kichwa, presha au kukosa mtoto, na kidevu kimepakwa poda juu ya vipele. Mhudumu hauoni ugonjwa kwa sababu mgonjwa ameamka mapema kuuondoa.

Maneno ya mtaani hayasaidii. Wako wanaosema mwanamke mwenye ndevu atakuwa tajiri, na hilo husemwa kama sifa, ingawa anayeambiwa hulisikia kama tusi. Wako wanaosema atamtawala mume. Wako wanaomtazama wakatafuta laana ya ukoo, wakapendekeza maombi. Yote haya yanamfundisha mtu jambo moja tu, kwamba nywele zile ni habari ya tabia yake au nyota yake. Ni habari ya tezi zake.

Kila mwanamke duniani hutengeneza testosteroni. Hutoka kwenye ovari na kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na mwili huihitaji. Kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mwanamume, lakini kipo tangu ujana hadi uzee. Wakenya wengi walilijua jina hilo kwenye kurasa za michezo. Mkimbiaji wetu Margaret Wambui alishinda shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kisha kanuni za shirikisho la riadha duniani zilizoanza kutekelezwa mwaka 2019 zikamfungia njia asikimbie tena mbio hizo bila kupunguza homoni hiyo mwilini. Kesi ya wanariadha kama yeye ni tofauti kabisa na ya mama anayeota ndevu, lakini mabishano juu ya kanuni hizo yalituachia wazo potovu: kwamba testosteroni ni mali ya wanaume, na mwanamke aliye nayo ameiba.

Homoni hiyo ikizidi, au mizizi ya nywele ikiwa myepesi kuitikia hata kiasi cha kawaida, malaika laini wa usoni hugeuka kuwa nywele nene, nyeusi, za kujikunja. Chunusi huja pamoja nazo, na wengine nywele za utosini huanza kupungua. Kati ya wanawake kumi wanaolalamikia hali hii, saba hadi wanane huwa na chanzo kimoja: tatizo la ovari ambalo hospitalini huitwa kwa herufi PCOS. Stein na Leventhal walilieleza Chicago mwaka 1935, baada ya kuona wanawake saba wenye ovari zilizovimba, hedhi iliyopotea na nywele zilizozidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanalo, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui.

Wengi hudhani PCOS ni uvimbe wa kukatwa. Sivyo. Vile vijifuko vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Mara nyingi kinachochochea ni insulini. Mwili ukiwa mzito kuisikia insulini, kongosho huongeza nyingine, na insulini hiyo nyingi huisukuma ovari kutengeneza testosteroni zaidi. Wakati huohuo hulifanya ini kupunguza protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi hubaki huru kufanya kazi kwenye ngozi. Ndiyo maana ndevu za kidevuni na kisukari cha ukubwani vinaweza kuwa ndugu. Iko alama nyingine ambayo kila mtu huiona na karibu hakuna anayeisoma: ngozi ya shingo kwa nyuma, na ya makwapani, huwa nyeusi na nene kama mahameli. Watoto wa kike husuguliwa hapo kwa dodoki na jiwe na kuambiwa hawajui kuoga. Hakuna sabuni itakayoitoa, kwa sababu si uchafu, ni insulini.

Swali linalofungua mlango wote huu halihitaji mashine. "Mama, siku zako za mwezi zinakuja sawasawa?" Anayepata hedhi mara nne au tano kwa mwaka, na ana nywele kidevuni, tayari amempa mhudumu sehemu kubwa ya jibu. Lakini swali hilo halitaulizwa kama hakuna aliyeziona nywele, na wanawake wengi huchukulia kukosa hedhi kuwa nafuu, hasa kule ambako pedi ni gharama. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Hedhi isipokuja kwa miezi mingi, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa bila kutoka, na baada ya miaka hatari ya saratani ya mahali hapo hupanda. Nywele haziui. Ukimya wa hedhi unaweza kuua.

Halafu kuna suala la mtoto. PCOS ni miongoni mwa sababu kubwa za yai kutopevuka, na katika boma la mkwe, miaka miwili bila mimba ni kesi. Mwanamke huzungushwa kwa waganga, huambiwa amefungwa, mume hushauriwa atafute mwingine. Ukweli ni kwamba hili ni mojawapo ya matatizo ya uzazi yanayotibika vizuri kuliko mengi. Kuna vidonge vya kuliamsha yai, na kwa aliye na uzito mkubwa, kupungua hata asilimia 5 tu mara nyingi hurudisha hedhi. Nasema hivi nikijua jinsi ushauri wa uzito unavyotolewa huku kwetu: mgonjwa huambiwa "punguza mwili" na mlango unafungwa. Wapo wembamba wenye PCOS. Na mnene aliyeambiwa hivyo tu, bila kupimwa sukari, bila kuulizwa hedhi, hajatibiwa. Amefukuzwa.

Si kila kidevu chenye nywele kina PCOS. Zipo familia ambazo nyanya, mama na binti wote wana nywele nyingi, hedhi yao ni ya kawaida na vipimo havionyeshi kitu. Wapo waliozaliwa na hitilafu ndogo ya tezi za adrenali ambayo hujitokeza tu wanapobalehe. Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini huotesha nywele usoni, na wako wagonjwa wanaoimeza kwa miaka bila kuambiwa. Kuna pia krimu za kujichubua zinazouzwa kwenye vibanda vya stendi na maduka ya vipodozi. Nyingi zina steroidi kali. Ngozi hung'aa kwa wiki chache, kisha hukonda, mishipa huonekana, na nywele huota shavuni ambako hazikuwahi kuwa. Mwenyewe huongeza krimu afiche nywele zilizoletwa na krimu.

Hali moja haingoji kliniki ya mwezi ujao. Nywele zikilipuka ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, upara ukaanza pembeni mwa paji, misuli ikakaza, kinembe kikakua, huenda kuna uvimbe kwenye ovari au adrenali unaomwaga homoni. Ni nadra. Mama aliyekoma hedhi akianza kuona hayo asiseme ni uzee. Vilevile uso ukiwa mviringo, tumbo likapata michirizi ya zambarau na shinikizo la damu likapanda, tezi za adrenali zichunguzwe.

Kuhusu tiba, kuna kisa ambacho sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kukijua. Dawa iitwayo eflonithini ilianza maabara kama dawa ya saratani, haikufaulu sana, lakini ikagundulika kuwa inaua vijidudu vya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1990 iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo. Iliwaamsha wagonjwa waliokwisha kuzimia, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Dawa iliyotangulia, melasoproli, ilitengenezwa kwa aseniki na iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wa eflonithini ulisimamishwa, kwa sababu waliohitaji walikuwa vijijini kaskazini magharibi mwa Uganda, kusini mwa Sudan na Kongo, na hawakuwa na fedha. Mwaka 2000 dawa ileile ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza ndevu za wanawake. Soko likapatikana. Madaktari Wasio na Mipaka wakapaza sauti, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale kupitia Shirika la Afya Duniani.

Kisa hicho husimuliwa kama aibu ya kampuni, na ni aibu kweli. Lakini sikubaliani na wale wanaokisimulia kana kwamba ndevu za mwanamke ni upuuzi wa matajiri. Mama wa Siakago anayenyoa gizani si tajiri, na anaumia. Krimu hiyo haing'oi nywele. Huzipunguza kasi ndani ya wiki nane hivi za kuitumia, na ukiiacha, kwa muda kama huo zinarudi. Lakini kwenye maduka ya dawa ya Embu na Meru anachouziwa mwanamke ni wembe na poda ya kunyolea, ile kali yenye harufu ya yai bovu.

Dawa zinazopatikana ni za kawaida kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili hupunguza testosteroni huru na kurudisha mpangilio wa hedhi. Spironolaktoni, dawa ya zamani ya moyo na presha, huzuia testosteroni isishike kwenye mizizi ya nywele, ila haifai kamwe kwa anayeweza kushika mimba bila kinga, kwani inaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni. Metfomini husaidia upande wa insulini. Zote zinataka subira ya miezi sita hivi, maana unywele wa usoni una mzunguko mrefu, na wengi huacha mwezi wa pili wakidhani wameibiwa.

Wakati huo wa kungoja, nyoa. Ile hofu kwamba wembe huzinenepesha nywele ilijibiwa mwaka 1928 na mtafiti Mildred Trotter, aliyepima ndevu zilizonyolewa na kukuta unene na kasi havikubadilika. Unywele uliokatwa una ncha butu, kwa hiyo vidole huuhisi mgumu. Tatizo letu kubwa ni nywele za kujipinda zinazorudi ndani ya ngozi na kuacha vipele na makovu meusi, na kung'oa kwa kibanio huzidisha hilo. Anayeweza kulipia leza aulize mashine ni ya aina gani kabla ya kulala kitandani: ngozi nyeusi inataka ile ya Nd:YAG. Nyingine zinaweza kumwachia madoa ya kuungua.

Daktari wa magonjwa ya wanawake yupo Hospitali ya Rufaa ya Embu, na yupo Meru, na kazi ya kwanza anaiweza. Wataalamu wa homoni ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, lakini wenye kuhitaji kusafiri hadi huko ni sehemu ndogo. Naona pengo liko chini zaidi. Septemba 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nyumba kwa nyumba, mikobani wakiwa na mashine za kupima sukari na presha. Wanaingia sebuleni, wanakunywa chai na mama, wanaijua familia. Wakifunzwa kuuliza habari ya hedhi na kuitazama shingo, hata kama kidevu ni laini, watawapata wengi ambao kliniki haijawahi kuwaona.

Wasichana wa shule ndio wanaopotoshwa upesi. Kwa miaka michache baada ya kuvunja ungo, hedhi hukawia na ovari huwa na vijifuko vingi hata kwa msichana mzima kabisa, na kwa hiyo mwongozo wa kimataifa unakataza kutumia ultrasaundi kumpa jina la PCOS kabla ya miaka minane kupita. Mzazi anayelipia picha ya msichana wa kidato cha pili, kisha akarudi nyumbani na karatasi inayosema hatazaa, ameuziwa hofu. Anayefaa kuonwa ni yule ambaye, mwaka mzima baada ya kuanza hedhi, bado hukaa zaidi ya siku 90 bila kuipata, au ambaye nywele zinaongezeka kila muhula. Huyo aende na mama yake, na mama akubali kuulizwa yeye pia, kwa sababu hali hii hutembea katika ukoo na mara nyingi daktari humkuta mgonjwa wa pili ameketi kwenye kiti cha msindikizaji.