Mlango wa kompyuta nao wataka hodi

Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuishi katika nyumba yenye kompyuta. Leo siri ya mtungi yaweza kujulikana na jirani wa mlango wa tatu, ambaye kata yenyewe hajapata kuitia mkononi, wala hakuinuka kitini pake.

Jambo hili nililikuta Kisian. Kwa msomaji asiyepajua, Kisian ni mahali nje kidogo ya mji wa Kisumu, katika barabara kuu iendayo Busia, pale ambapo njia ya Bondo huchepuka. Ukitoka Kisumu, ziwa liko mkono wa kushoto na vilima viko mkono wa kulia. Hapo ndipo palipo na kituo cha utafiti cha KEMRI, kilicholifanya jina la Kisian lijulikane na wataalamu wa malaria hata ng'ambo. Na kandokando ya barabara zimejengwa nyumba za kupangisha, safu kwa safu.

Katika mojawapo ya safu hizo amepanga binti wa ndugu yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliyepata kazi ya mkataba mjini Kisumu. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amejiinamia kama mtu aliyefiwa. Aliniamkia, akanitilia chai, kisha akasema, "Ami, nimeharibu amana ya watu."

AMANA YENYEWE

Miezi michache kabla ya hapo dada yake alikuwa ameolewa. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa kupamba ni nini. Ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, dhahabu hutolewa makashani. Mlangoni husimama mama mkali akikusanya simu, ili mtu asije akapiga picha ya mke wa mtu ikazagaa mjini. Usiku ule alipiga picha mwanamke mmoja tu, kwa idhini, na picha zote zikatiwa katika kompyuta ya binti huyu, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa.

Walipokuwa bado nyumbani Mombasa, bibi harusi alitaka kuchagua picha za albamu akiwa chumbani kwake, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Binti akalifungua folda la picha ili lionekane kwa waifai ya nyumbani. Na kwa kuwa kompyuta ya dada mtu ilikuwa ikidai neno la siri kila mara, akaliondoa sharti hilo. Albamu ikapatikana, watu wakafurahi, na folda likasahauliwa likiwa wazi.

Alipohamia Kisian alikuta wapangaji wote wakitumia ruta moja iliyowekwa nyumbani kwa mama mwenye nyumba. Akaingia katika mipangilio ya kompyuta kuulinda mtandao wake mpya, akakuta maneno mawili: "Public" na "Private". Naye, kama vile ambavyo wengi wetu tungefanya, akalichagua la pili. Alitaka faragha, na neno faragha lilikuwa mbele ya macho yake.

Siku kadhaa baadaye kijana wa mwenye nyumba alikuwa akitafuta printa. Katika orodha ya vyombo vilivyomo mtandaoni akaona kompyuta yenye jina kamili la mpangaji wao, na ndani yake folda lililoandikwa Kupamba. Akalifungua, akaona picha za kwanza, akalifunga. Hakumwendea binti mwenyewe. Alimwambia mama yake. Yule mama akaja akapiga hodi, akaketi, akasema kwa upole, "Nyar Mombasa, dirisha lako liko wazi na ndani kuna wageni wako." Nyar, kwa Kijaluo, ni binti wa mahali fulani.

MANENO MAWILI YANAYOPOTEZA

Hebu tulitazame kosa hili vizuri, kwani chanzo chake ni maana ya maneno tu. Katika Windows, maneno hayo mawili hayaelezi hali ya kompyuta yako, bali yaeleza mtandao uliouingia. "Public" ni kuiambia kompyuta: hapa tuko sokoni, jifunike. "Private" ni kuiambia: hapa tuko nyumbani kwetu, kila aliyemo ni wetu, jionyeshe. Basi anayetaka kufichika katika waifai ya watu wengi huchagua neno ambalo masikioni lasikika kama la kujianika. Binti yetu alipochagua faragha, kwa hakika aliitangazia ploti nzima kuwa wote ni ndugu zake.

Watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tazama nyumba kongwe za mawe za Lamu. Kwanza kuna daka, mahali pa kuketi mlangoni ambapo mpita njia hukaribishwa. Halafu kiwanda, ua ulio wazi kwa juu. Halafu misana, na ndani zaidi ndani yenyewe, ambako hafiki mtu asiye wa jamaa. Kila hatua ina watu wake.

Wajaluo nao wana utaratibu wao. Katika dala, yaani boma la kale, nyumba ya mke mkubwa hutazamana na lango, na vibanda vya vijana wa kiume, viitwavyo simba, huwa karibu na lango hilo. Aingiaye huonekana, na mwenye kuonekana hujulikana ni wa wapi. Tofauti ni kuwa ploti ya kupanga si dala wala si nyumba ya Lamu. Watu wanane wenye makabila na shughuli mbalimbali wamekutanishwa na ruta moja, na ruta haijui jamaa ni nani.

LA KUFANYA

Jioni ile tuliketi, mimi na binti, tukaifanya kazi hatua kwa hatua. Nitaieleza hapa, huenda ikamfaa msomaji.

Kwanza, fungua mipangilio, uende sehemu ya mtandao, ubonyeze jina la waifai unayoitumia. Ikiwa ni ya ploti, hoteli, chuo au mkahawa, chagua "Public". Hilo jingine liache kwa nyumba ambayo ruta ni yako na watumiaji wake unawajua kwa majina.

Pili, fahamu kuwa kufichika si kufungwa. Kuna swichi ya kuifanya kompyuta isionekane katika orodha, na kuna nyingine ya kuruhusu faili na printa zitumiwe na wengine. Ukizima ya kwanza na kuiacha ya pili, umeondoa kibao cha anwani tu. Mlango ungali wazi kwa anayeijua njia. Zima zote mbili kama huna haja nazo, na sharti la neno la siri lirudishe.

Tatu, liendee lile folda lenyewe na kulitoa katika ushirika. Ukitaka kujua ni yapi uliyoyaacha wazi, lifungue jina la kompyuta yako mwenyewe katika orodha ya mtandao. Mafolda utakayoyakuta hapo, kwa jumla, ndiyo yanayotolewa kwa wengine.

Nne, badili jina la kompyuta. Halina haja ya kuwa jina lako na la babako. Ya binti sasa inaitwa kwa jina la samaki.

Tano, mwenye ruta naye ana wajibu. Ruta nyingi zaweza kutoa mtandao wa wageni, au kuvitenga vyombo visionane huku kila kimoja kikipata intaneti yake. Mama mwenye nyumba alikubali kijana wake aifanye kazi hiyo, na neno la siri la ruta, lililokuwa lile lile la kutoka dukani, likabadilishwa.

SI PICHA TU

Asidhani mtu kuwa hili ni jambo la wenye picha za harusi pekee. Mwezi wa Mei mwaka 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Kilipenya kwa kutumia kasoro katika njia ile ile ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili. Dawa yake ilikuwa imetolewa mwezi wa Machi mwaka huo huo; walioumia ni wale ambao hawakuwa wameitia. Basi sasisho za kompyuta zisiahirishwe kila siku.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 yakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, na ile ya ulinzi wa data ilifuata mwaka 2019. Lakini sheria huja baada ya picha kuonwa. Haiwezi kuyarudisha macho yalikotoka.

SIMU YA USIKU

Lililobaki halikuwa na swichi. Folda lilikuwa wazi kwa siku 19. Kijana mmoja tulijua ameliona, na tulijua alivyofanya. Wengine hatukujua, wala kompyuta haikuwa na la kutuambia.

"Ami, nikinyamaza hapana atakayejua," binti akasema.

Nikamjibu, "Wewe wajua, mwanangu. Na wenye picha wana haki yao."

Baada ya isha alimpigia simu mamake, naye mama akachukua orodha ya walioalikwa, akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wawili walikasirika, na mmoja mpaka leo hajamjibu binti salamu. Waliobaki walimwombea heri. Alipokwisha kulia aliniomba niifungue kompyuta yangu, ambayo nilikuwa nimeiunganisha na waifai ile ile tangu adhuhuri bila ya kuuliza lolote.

Jina langu kamili lilikuwa pale katika orodha, na jina la babu.