Theluji, tope na ngumi: Mbio za Daytona 1979 ambazo mashabiki bado wanazibishania

UKITAKA kuwagombanisha mashabiki wawili wazee wa mbio za magari kule Marekani, huhitaji kuwauliza kuhusu siasa. Waulize tu: kati ya Cale Yarborough na Donnie Allison, nani alikuwa na makosa? Kisha keti pembeni ujionee.

Swali hilo limedumu tangu Jumapili ya Februari 18, 1979. Siku hiyo, katika uwanja wa Daytona jimboni Florida, magari mawili yaliyokuwa mbele kabisa yaligongana katika mzunguko wa mwisho, dereva wa nyuma akapita akashinda, na kabla injini hazijapoa wanaume watatu wazima wakaanza kuchapana kwenye nyasi. Nchi nzima ikitazama.

Kama wewe ni wa kizazi cha Safari Rally ya Naivasha, au unakesha ukifuatilia langalanga, huenda NASCAR inakuboesha. Magari yanazunguka tu, ati kushoto, kushoto, kushoto hadi jioni. Lakini hebu elewa uwanja wenyewe kwanza. Daytona ina mzunguko wa kilomita nne, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31. Huo ni mteremko ambao hata kuupanda kwa miguu utakuchosha. Mbio ni mizunguko 200, yaani maili 500 au zaidi kidogo ya kilomita 800. Mwaka huo Buddy Baker alikuwa ameshika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa kasi ya karibu kilomita 315 kwa saa. Na haya hayakuwa magari ya ajabu kama ya langalanga. Kwa sura yalikuwa Oldsmobile, Buick na Ford, magari ambayo mzee wa kijiji angeweza kuwa nayo nyumbani.

Sasa, kumbukumbu za mashabiki karibu zote huanzia mahali pamoja, na si uwanjani. Huanzia sebuleni. Wikendi hiyo dhoruba kubwa ya theluji iliipiga mashariki mwa Marekani, barabara zikafungika, watu hawangeweza kutoka hata kwenda dukani. Wakati huo hakukuwa na simu ya kuperuzi wala Netflix. Stesheni kubwa za runinga zilikuwa tatu tu, na mojawapo, CBS, ilikuwa imeamua kufanya jambo ambalo halikuwa limefanywa: kuonyesha mbio za maili 500 moja kwa moja, kuanzia bendera ya kwanza hadi ya mwisho. Awali watu walikuwa wakionyeshwa vipande, au mbio ambazo tayari zimekwisha.

Kwa hivyo mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kujali mchezo huu wa watu wa kusini walijikuta wameketi mbele ya runinga kwa kukosa la kufanya. Wengi waliokuwa watoto siku hiyo wamekuwa mababu sasa, na wanakwambia walianza kutazama kwa sababu baba alikuwa ameshika kiti na hakuna aliyethubutu kubadilisha stesheni.

Hata Daytona kwenyewe anga haikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mizunguko zaidi ya kumi ya mwanzo iliendeshwa polepole chini ya bendera ya tahadhari ili magari yenyewe yakaushe lami. Lami ikakauka, ila nyasi za katikati zilibaki tope tupu. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Katika mzunguko wa 32, Donnie Allison, kaka yake Bobby Allison na Cale Yarborough waligusana wakateleza wote watatu hadi kwenye tope hilo. Donnie akapoteza mzunguko mmoja. Cale akapoteza mitatu. Ungedhani siku yao imeishia hapo, sivyo? Lakini sheria za wakati huo zilikuwa na mwanya. Bendera ya manjano ilipopepea, madereva waliruhusiwa kuendelea kukimbizana hadi kwenye mstari. Ukimpita anayeongoza kabla ya mstari, umerudisha mzunguko mmoja. Cale, bingwa wa NASCAR kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 1976 hadi 1978, alifanya hivyo mara tatu. Hicho ndicho kipande ambacho mashabiki wa Cale huanza nacho kila wanapomtetea: mtu aliyetoka mizunguko mitatu nyuma hadi nafasi ya pili hawezi kukubali kukaa pale.

Mzunguko wa 200 ulipoanza, Donnie alikuwa wa kwanza, Cale amemganda nyuma kama kupe. Wengine walikuwa mbali, karibu nusu mzunguko.

Hapa mgeni huuliza: mbona Cale hakupita mapema? Kwa sababu Daytona ya enzi hizo, wa pili ndiye aliyekuwa na bahati. Gari la mbele linapasua upepo, la nyuma linavutwa bure bila kuhangaika na upepo huo, kisha dereva wake anachomoka kando ghafla na kupita kama jiwe la manati. Ukichomoka mapema, mwenzako naye atakurudishia. Dawa ni kusubiri hadi mwisho. Donnie alilijua hilo vyema. Cale naye alijua kwamba Donnie anajua.

Kwenye barabara ndefu ya nyuma Cale akachomoka kushoto, upande wa ndani. Donnie akashuka kumzibia. Tairi za kushoto za Cale zikakanyaga nyasi, zile zile zilizolowa tangu asubuhi, na gari likakosa mshiko. Yakagongana mara moja, mara ya pili, tena, kisha yakapanda pamoja hadi kwenye ukuta wa kona ya tatu na kuteremka kwenye nyasi, yamekwisha kazi.

Mashabiki wa Cale wanasema Donnie alimsukuma nje ya barabara. Wa Donnie wanasema anayeongoza huchagua njia yake, na kama Cale alitaka kupita, kulikuwa na nafasi tele upande wa nje. Cale mwenyewe na Donnie mwenyewe walishikilia hivyo hivyo kwa miaka mingi. Ukiniuliza mimi, nimeitazama video hiyo mara nyingi na naona Donnie alifanya ambalo dereva yeyote angefanya, na Cale pia. Kilichoharibu mambo ni ile mvua.

Nyuma huko, watu watatu waliokuwa wakipigania nafasi ya tatu waliona taa za manjano zikiwaka. Ghafla nafasi ya tatu imekuwa ya kwanza! A.J. Foyt, aliyezoea mbio za IndyCar ambako taa ikiwaka unapunguza kasi, akalegeza mguu kidogo. Richard Petty na Darrell Waltrip hawakulegeza chochote. Petty akashinda kwa urefu wa gari moja hivi. Waltrip wa pili, Foyt wa tatu.

Na Petty huyo hakupaswa hata kuwa hapo. Majira hayo ya baridi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo, akatolewa sehemu kubwa ya tumbo lenyewe, na madaktari walikuwa wamemwambia apumzike. Alikuwa hajashinda hata mara moja katika mashindano 45. Nyumbani kwao walikuwa wameanza kumwangalia kijana wake, Kyle, ambaye wiki moja tu kabla alikuwa ameshinda mbio za ARCA papo hapo Daytona akiwa na umri wa miaka 18, katika mbio zake za kwanza kabisa. Mzee akaona wacha niwakumbushe mwenye nyumba ni nani. Ulikuwa ushindi wake wa sita wa Daytona 500, na mwishoni mwa mwaka akatwaa ubingwa wa saba kwa pointi 11 tu mbele ya Waltrip.

Sasa ngumi. Hapa ndipo kumbukumbu huwachezea watu shere.

Muulize shabiki wa kawaida ni nani walipigana, atakwambia Cale na Donnie. Chapa! Amekosa. Hao wawili walirushiana maneno zaidi. Aliyeshikana mwili na Cale hasa ni Bobby, ambaye hakuhusika katika ajali hiyo ya mwisho hata kidogo. Bobby alikuwa amesimamisha gari lake kumuuliza mdogo wake kama anataka lifti ya kurudi. Cale akamkaripia kwamba yeye ndiye chanzo, kwa sababu ya ule mtelezo wa mzunguko wa 32, na kwa simulizi ya Bobby akampiga kwa helmeti kupitia dirishani. Bobby akatoka. Kwa miaka mingi alipenda kutania kwamba yeye hakumpiga mtu, ila Cale alikuwa akiigonga ngumi yake kwa pua.

Kingine ambacho watu hukosea: wengi huapa waliona pigano lote kwenye runinga. Kumbe kamera zilikuwa zikimfuata Petty hadi kwenye bendera, na zilipogeuzwa kona ya tatu, mtangazaji Ken Squier akapaaza sauti kwamba kuna watu wanapigana, vumbi lilikuwa tayari limetimka. Yaliyobaki vichwani mwa wengi yametoka kwenye picha za magazeti. Kesho yake kulikuwa na theluji hadi magotini na mada ilikuwa moja tu. NASCAR ikawatoza wote watatu faini ya dola 6,000 kila mmoja.

Ungefikiri walijifunza. Wiki mbili baadaye, Rockingham, Cale na Donnie waligongana tena mwanzoni kabisa mwa mbio na kuwaharibia wengine kadhaa. Aliyeshinda siku hiyo? Bobby.

Kuna swali moja la kutegeana ambalo ukilijua utaheshimika mbele ya mashabiki hao: ni kijana gani aliyekuwa akishiriki Daytona 500 kwa mara ya kwanza siku hiyo ya 1979 na kumaliza wa nane bila mtu kumtilia maanani? Dale Earnhardt. Alikuja kuwa bingwa mara saba kama Petty, lakini Daytona 500 ilimchenga hadi 1998, jaribio lake la 20. Mwaka wa 2001 alifariki kwenye uwanja huo huo, katika mzunguko wa mwisho.

Petty bado ndiye aliyeshinda Daytona 500 mara nyingi zaidi, saba kwa jumla. Cale alishinda mara nne. Bobby mara tatu, ya mwisho ikiwa 1988, mwanawe Davey akimaliza wa pili nyuma yake. Miezi michache baadaye Bobby alipata ajali mbaya Pocono iliyomjeruhi kichwa, na siku hiyo ya kufukuzana na mwanawe ikafutika kabisa akilini mwake. Davey alifariki 1993 katika ajali ya helikopta. Mzee huyo, aliyesimulia kichekesho cha ngumi na pua hadi uzeeni, alilazimika kutazama video ili kujua siku yake tamu zaidi ilikuwaje. Aliaga dunia Novemba 2024.

Donnie hakuwahi kushinda Daytona 500. Siku ile ya 1979 alikuwa amebakisha kona mbili. Kaka yake na Cale waliingizwa katika Jumba la Umaarufu la NASCAR mapema, 2011 na 2012. Yeye alisubiri hadi Januari 2024. Cale alikuwa amefariki Desemba 31, wiki tatu kabla ya sherehe.